Uzi: Unarudi kwenye uvuvi wa ndoano? Nenda bwawani sasa, maji yakiwa chini (Tabora)

Mkazi wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu nawaandikia waliovua kwa ndoano zamani, wakaacha kwa sababu ya shule, kazi au kuhama, na sasa hamu imewarudia. Tupo wengi humu. Mimi nimerudi kwenye fimbo na mshipi baada ya miaka mingi ya kukutana na samaki sokoni tu, na kuna jambo nataka kulisisitiza kabla mvua hazijaanza: mwenye lambo au bwawa dogo karibu naye asisubiri Novemba. Aende Oktoba hii hii, maji yakiwa chini kabisa.

Sisemi kwamba Oktoba samaki wanakula vizuri. Oktoba ya Tabora ni ngumu. Jua linachoma, maji yamechafuliwa na ng'ombe, na ukifika saa nne asubuhi samaki wameshajificha. Faida yake ni nyingine. Maji yakishuka, sakafu ya bwawa inabaki wazi, na unatembea kwa miguu yako mahali ambapo Februari maji yatakufika kifuani.

Lambo ninalovua lipo upande wa Sikonge. Lilichimbwa kwa ajili ya mifugo na bustani, na tangu nikiwa mdogo lilikuwa na perege na kambale. Anayerudi mahali kama hapo huenda moja kwa moja kwenye jiwe alilokuwa akikalia, anatupa pale pale, anangoja. Bwawa dogo halikai hivyo miaka yote. Tope kutoka mashambani limejaza upande mmoja, matete yamesogea, tuta limepandishwa, miti iliyozama imeoza. Jiwe bado lipo, lakini kina kilichokuwa mbele yake hakipo tena. Kwa hiyo siku za mwanzo sikuchukua fimbo kabisa. Nilichukua gambuti, simu ya kupiga picha, na daftari.

Niliyoyaona yalinifurahisha kuliko samaki wa kwanza. Mkondo wa zamani wa kijito bado unaonekana, mfereji mwembamba unaopinda kutoka mdomoni, kijito kinapoingia, hadi karibu na tuta. Huko ndiko kina kinapobaki, na huko ndiko kambale wanakolala mchana. Pembeni kuna mashina matatu makubwa ambayo maji yakijaa huyaoni kabisa. Halafu, kwenye tope lililokauka upande wa mashariki, nikakuta mabakuli ya duara yamepangana, mengine mapana kama sinia. Ni viota vya perege. Dume huchimba kwa mdomo, jike hutaga hapo, kisha jike huyabeba mayai mdomoni mwake. Mabakuli hayo yalikuwa kwenye maji ya kina kifupi msimu uliopita, na maji yakirudi madume watachimba tena sehemu za namna ile ile.

Kila kitu nimekipiga picha huku nyuma yake kukiwa na alama isiyohama: mwembe mkubwa, nguzo ya umeme, kona ya tuta. Alama mbili zikikaa kwenye mstari mmoja, unajua umesimama wapi hata maji yakifunika kila kitu. Hatua kutoka ukingoni nimezihesabu na kuziandika. Nawaomba mfanye hivyo hivyo. Mvua kubwa zikishaanza, nafasi hiyo imekwenda hadi mwakani.

Sasa vifaa, kwa kifupi, maana hapa watu hutumia fedha nyingi bila sababu.

Kama fimbo yako ya zamani ipo, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakata mshipi. Rili ifunguliwe, ifutwe grisi iliyoganda, ipakwe mpya. Mshipi wa nailoni wa miaka hiyo tupa wote, hata kama unaonekana mzima. Jua na muda huila nailoni, nao hukatika siku unapouhitaji. Asiye na fimbo, mwanzi mrefu uliokauka vizuri unatosha kabisa kwa perege wa pembeni. Boya likatwe kutoka ndala kuukuu. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha chambo, iwe risasi ndogo, au nati kama risasi hakuna.

Ndoano ndiyo muhimu. Perege ana mdomo mdogo, mpe namba 10 au 12. Kambale mpe 1/0 au 2/0. (Kwa wanaoanza: namba ya kawaida ikipanda, ndoano inapungua, zile zenye sifuri mbele yake zinakwenda kinyume, 2/0 ni kubwa kuliko 1/0.) Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu inajichoma yenyewe.

Chambo cha perege: ugali mgumu wa dona uliokandwa na pumba kidogo, punje isizidi ukubwa wa haragwe. Nyungunyungu wanafaa kwa wote wawili. Kambale hana makuu, utumbo wa kuku unamtosha.

Naomba wenye uzoefu wa mabwawa ya Igombe na Kazima, au malambo ya Nzega na Urambo, waongeze. Nataka hasa kusikia wanavyovua wiki ya kwanza ya mvua.

---

Chubwi

Mkuu, uzi mzuri. Hilo la viota nimeliona mara nyingi na sikuwahi kujua ni nini, nilidhani ni nyayo za ng'ombe zilizotanuka.

Swali: boya la perege linacheza cheza tu, nikivuta napata ndoano tupu. Ugali umeliwa, samaki hakuna. Nifanyeje?

---

Mkazi wa Isevya

Chubwi, kuna mambo mawili. Kwanza boya lako ni kubwa mno. Perege akivuta akasikia uzito, anatema. Kata boya hadi libaki linaelea kwa shida, ncha tu ndiyo ionekane juu. Pili, usivute linapotetemeka. Kutetemeka ni kuonja. Ngoja lilale ubavu au lianze kwenda pembeni, hapo inua kwa kiganja tu, usitumie mkono mzima. Midomo ya perege ni laini, ukivuta kwa nguvu unachana.

Na ugali wako uchanganye na nyuzi chache za pamba. Utashika kwenye ndoano muda mrefu zaidi.

---

Kibirizi

Mimi niko Kigoma. Kwa heshima yote kaka, mtu wa Tabora akipanda treni jioni anaamka kwenye Ziwa Tanganyika. Huku kuna kuhe, kuna migebuka, kuna ngege wa kwenye mawe. Kuhe ni samaki mwenye nguvu hasa, wa jamii moja na hao perege wako lakini mkubwa kuwazidi wote, na anakula samaki wenzake. Kwa nini mtu ajibane kwenye lambo?

Ila kwenye hoja yako ya msingi nakuunga mkono, na sisi tumeipata kwa upande wa pili. Maji ya Tanganyika yalipopanda miaka hii ya 2020 na kuendelea, sehemu tulizozoea kusimama zilizama. Mawe tuliyokuwa tunayatumia kama alama yakawa chini. Wazee waliokuwa wanajua kila kona walilazimika kuanza kupapasa upya. Waliofanikiwa haraka ni wale waliokumbuka ufukwe ulivyokuwa kabla haujazama: hapa palikuwa na ngazi, pale palikuwa na msingi wa nyumba, kule mizizi ya mti. Ngege wamehamia humo humo.

---

Mkazi wa Isevya

Kibirizi, asante sana, mfano wako ndio huo huo ninaousema ila umegeuzwa: wewe ardhi imekwenda chini ya maji, kwangu imetoka nje.

Kuhusu kwa nini lambo: kwa sababu liko karibu. Mtu mwenye kazi na watoto akisubiri safari ya Kigoma atavua mara moja kwa mwaka. Bwawa la jirani unalifikia kwa baiskeli baada ya kazi, unakaa hadi jua linazama, unarudi nyumbani. Na udogo wake unakufundisha haraka. Tanganyika ina kina cha mita 1,470; samaki akikosekana hujui ameenda wapi. Kwenye lambo hana pa kwenda. Asipokuwepo kwenye matete yupo mfereji, asipokuwepo mfereji yupo kwenye mashina, na ndani ya msimu mmoja unaanza kumjua.

---

Mama Perege

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni mwanamke, nauza samaki Ipuli, na nilivua sana na marehemu baba yangu pale Igombe. Naomba niongeze kuhusu upepo, kwa kuwa hakuna aliyeutaja.

Kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Ukivuma tangu asubuhi unasukuma vyote vinavyoelea, majani, wadudu, ule ukijani wa juu ya maji, kuelekea ukingo wa upande wa pili. Perege wanafuata. Watu wengi hukaa upande ambao upepo unawapiga mgongoni kwa sababu kutupa ni rahisi. Baba alikuwa anatukalisha upande ambao upepo unatupiga usoni. Unalowa, macho yanauma, lakini samaki wapo miguuni pako na huna haja ya kutupa mbali.

Asubuhi za Juni na Julai msijisumbue kudamka. Maji yana baridi, perege hawasogei. Nendeni saa tano hadi saa tisa, maji ya kina kifupi yakishapata joto. Oktoba ndiyo inageuka, inabidi uwahi alfajiri au ukae jioni.

Na kambale mshikeni kwa adabu. Mapezi yake ya kifuani yana miba migumu, ikikuchoma mkono unavimba. Mshike nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya hiyo miba. Anavuta hewa ya juu pia, kwa hiyo hafi upesi ukimtoa majini. Kumwacha kwenye ndoo akihangaika saa nzima si vizuri. Mpige kichwani mara moja.

---

Mkazi wa Isevya

Shikamoo mama, kama umri unaruhusu. Hili la upepo limenifungua kabisa, nitalijaribu wiki hii upande wa mwembe.

---

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi ya uvuvi ngazi ya wilaya kwa muda mrefu, naomba niweke mambo machache sawa.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inahusu malambo pia, siyo maziwa makubwa tu. Kabla ya kuanza, onana na afisa uvuvi wa halmashauri yako kuhusu leseni, na uongozi wa kijiji kwa sababu lambo ni la kijiji. Igombe na Kazima ni vyanzo vya maji ya mji, kwa hiyo mamlaka ya maji nayo ina neno lake. Usioshe samaki wala kumwaga matumbo humo. Na aliyetaja Ugalla kwenye uzi mwingine: tangu 2019 eneo lile ni hifadhi ya taifa, huingii na ndoano yako bila utaratibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Sasa kitu ninachokipenda kwenye uvuvi wa ndoano. Jike la perege akiwa na mayai au vifaranga mdomoni kwa kawaida hali chakula. Kwa hiyo ndoano yenye chambo haimpati kirahisi. Kokoro, yaani wavu wa kuburuta, linampata. Kokoro linaburuta sakafu yote, linavunja viota, linabeba jike na watoto wake pamoja. Ndiyo maana lambo lililovuliwa kwa ndoano miaka kumi bado lina samaki, na lililoburutwa kokoro misimu miwili linabaki na vidagaa. Sumu ya utupa ni mbaya zaidi ya kokoro, nadhani sihitaji kueleza, na vyote viwili vimekatazwa.

Ikitokea umempata jike naye akaanza kutema mayai mkononi mwako, mrudishe hapo hapo.

---

Mpita Njia Naivasha

Wakuu, mimi Mnyamwezi niliyeko Kenya, nafanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Huku wageni na wenyeji wanavua samaki anaitwa besi, asili yake Marekani, aliletwa ziwani mwaka 1929. Kuvua kwake ni raha tupu. Hahitaji nyungunyungu. Unamvuta kwa chambo bandia, kisamaki cha plastiki au cha mbao, unakipitisha pembeni ya matete na mafunjo, anakirukia kama mwizi. Anawinda kwa macho, anajificha kwenye kivuli akingoja kitu kipite. Anakula pia wale kamba wekundu wa maji baridi walioletwa kutoka Marekani mwaka 1970.

Dume lake nalo linachimba kiota, kama hao perege, na linalinda mayai. Kwa hiyo mbinu ya mkuu ya kutafuta viota maji yakishuka ingefaa huku pia. Ila nafikiri: hatuwezi kupata vifaranga vya besi tukawaweka kwenye malambo ya Tabora? Watu wangekuja kuvua kwa starehe, na vijiji vingepata fedha.

---

Mkazi wa Isevya

Ndugu yangu wa Naivasha, nimefurahi kukusoma, ila hilo la mwisho naomba tulikatae kwa nguvu zote.

Maji ya Sikonge yanaelekea Mto Ugalla, Ugalla inaingia Mto Malagarasi, Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika. Lambo likipasuka tuta, na kila masika kuna tuta linalopasuka mahali fulani, kilichokuwemo kimeingia mtoni. Huko chini kuna ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, mwaka 2000. Kuna perege kama karomo ambaye asili yake ni bonde hilo la Malagarasi na hakuna pengine alikotoka. Samaki anayewinda kwa macho na kumeza kila kinachopita pembeni ya matete, ukimweka kwa hao wadogo, baada ya miaka michache utahesabu hasara ambayo hairudishiki. Tumeona Ziwa Victoria: sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akatupa biashara kubwa, na aina nyingi sana za furu zikapotea. Besi abaki Naivasha, na siku nikija nitafurahi unipeleke.

Kisamaki cha bandia lakini lete. Kambale mkubwa huwa anakamata kinachotembea.

---

Afisa Mstaafu

Naunga mkono. Hata sato wa Victoria asihamishiwe kiholela. Anazaliana na perege wetu wa asili na baada ya vizazi vichache humtambui nani ni nani.

---

Chubwi

Jamani, kuna aliyetaja gambuti na mimi nikapuuza? Naona watoto wanaingia tu miguu mitupu hadi kiunoni.

---

Mama Perege

Usipuuze mwanangu. Malambo yetu yana konokono, na konokono wana kichocho. Wadudu wake hutoka majini zaidi mchana wa jua, ndiyo saa watoto wanaoga. Ukikojoa damu nenda kituo cha afya upimwe, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Lakini dawa haikukingi usipate tena ukirudi kwenye maji yale yale. Vaa gambuti, au vulia ukingoni kukavu. Na kwenye bwawa usilolijua uliza wenyeji habari za mamba kabla hujasogelea matete.

---

Mkazi wa Isevya

Wakuu, narudi na taarifa. Mvua za kwanza zimeshuka, na niliahidi kuleta mrejesho.

Jioni ya mvua ya kwanza kubwa, kumbikumbi walitoka. Mnajua zinavyokuwa, taa zote za kijiji zimefunikwa. Kesho yake alfajiri juu ya lambo kulikuwa na utando wa mbawa, na perege walikuwa wanapasua maji kila upande. Nikatoa chubwi kabisa, nikaacha boya dogo na ndoano namba 12, kumbikumbi mmoja mmoja, chambo kikielea juu. Sijawahi kuona perege akila bila kujiuliza namna ile. Kumbikumbi wakiisha nao wanaacha, ghafla, kwa hiyo aliyechelewa akifika saa mbili hakuti kitu.

Maji mapya yalipoanza kuingia kutoka kwenye kijito, rangi ya chai ya maziwa, kambale walipanda. Masika yakianza wanakwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Nilijua wangepitia mfereji ule wa zamani kwa sababu nilitembea ndani yake Oktoba. Nikasimama mahali mwembe na nguzo vinapokaa mstari mmoja, nikatupa hatua zile zile zilizoandikwa kwenye daftari, chambo kikalala kwenye ukingo wa mfereji. Maji yalikuwa yameshafunika kila kitu. Mtu aliyekuwa amekaa mita chache kutoka kwangu alikuwa anatupa juu ya tope tupu bila kujua. Nikamwita, nikamwonyesha picha kwenye simu, akahamia upande wangu naye akapata.

Hilo la upepo nimelijaribu, Mama Perege. Usoni ndipo penyewe.

Majike yenye matumbo yaliyojaa mayai tumeyarudisha. Tumekubaliana na vijana wa pale kwamba kwenye majani yaliyofurika hatutavua hadi maji yatulie, tutabaki mferejini na kwenye tuta.

---

Kibirizi

Kaka, hapo kwenye radi usisahau. Fimbo za kisasa za kaboni zinapitisha umeme. Huku ziwani wingu jeusi likianza kunguruma tunalaza fimbo chini na kuondoka majini.

---

Mkazi wa Isevya

Kweli kabisa, na asubuhi ndiyo salama zaidi kwa sababu mawingu yetu yanajikusanya mchana.

Jumamosi nitakuwa upande wa tuta kuanzia saa kumi na mbili. Anayekuja aje na gambuti na ndala moja kuukuu ya kukata maboya. Nyungunyungu wapo, nimewachimba nyuma ya zizi. Chubwi, njoo na mshipi mpya.